Casus: Aliyenajisi mutoto anaporudi nyumbani

Walimu wetu wa Morali walizoea kumwita mutu wa mufano Titius. Nasi tumwite hivyo. Titius alihukumiwa na tribinali kwa sababu alimunajisi binti ya ndugu yake, mutoto wa miaka 10. Amemaliza kifungo, ameungama, anapokea Komunyo. Sasa anataka kurudi kwa muke wake na watoto wao watatu. Mudogo ni binti wa miaka 8. Muke anamwendea katekista: "Mwalimu, nimufungulie mulango?" Katekista anamutuma kwa padri. Padri ajibu nini?

Wengi kati yetu wangejibu upesi: "Mungu amemusamehe, wewe ni nani usimusamehe?" Jibu hilo lachanganya mambo mawili. Maondoleo yafuta zambi. Hayafuti mazoea, wala hayampi mutu haki ya kulala karibu na watoto. Mwizi aliyetubu tunamupokea kanisani, lakini hatumupi siku ileile ufunguo wa sanduku la parokia. Na mutoto apita sanduku, tena hana sauti katika baraza la jamaa.

Je, hatari yaweza kupimwa? Mwaka 1998 Hanson na Bussière, wenye elimu wa Canada, walikusanya pamoja uchunguzi 61. Kati ya watu zaidi ya 23.000 waliotenda makosa ya uchafu, kama 13 katika 100 walijulikana kuwa wamerudia katika miaka mine au mitano. Basi si kila mutu anarudia. Tusimwite Titius shetani. Lakini hesabu hiyo ni ya waliojulikana tu, na makosa mengi ya nyumbani hayafiki mbele ya juji. Tena, kukubali kosa au kulikana hakukutenga wazi wenye kurudia na wasiorudia. Kwa hiyo machozi mbele ya padri si kipimo. Yaliyoonyesha hatari zaidi ni haya: makosa ya zamani ya namna ileile, tamaa inayoelekea watoto, na kuacha katikati matunzo ya waganga.

Mwaka 1999 Hanson na Thornton walitoa kipimo cha maswali 10, kiitwacho Static-99. Chauliza umri wa mutu, makosa yake ya zamani, kama aliyetendewa ni wa jamaa au sivyo, na mengine. Ni musaada mukubwa, lakini chasema juu ya kundi la watu, si juu ya nyumba hii. Wanaonajisi watoto wa jamaa yao wenyewe, kwa wastani, wanarudia haba kuliko wengine. Lakini Titius atakuwa karibu na binti yake kila usiku, naye ndiye baba anayetiiwa. Hatari iliyo ndogo katika hesabu yaweza kuwa kubwa nyumbani.

Tunaona padri ajibu: "Usifungue bado." Hii si hukumu. Titius akae kwanza kwa ndugu asiye na watoto. Munganga wa mambo ya akili amupime, pale anapopatikana. Kisha ziulizwe habari hizi:

1. Kosa lilitendeka wapi, saa gani, na mutoto alivutwa kwa njia gani? Nafasi kama ile isipatikane tena.

2. Kulikuwa na mutoto mwingine mbele ya yule?

3. Muke aamini kwamba kosa lilitendeka? Anayesema "walimusingizia" hawezi kulinda. Vilevile anayeogopa kukosa chakula hawezi kumukataza mume wake.

4. Watoto wanasema nini? Waulizwe na mwanamuke wanayemutumaini, mbali na baba, mbali na padri pia.

Jibu moja likiwa baya, Titius asilale nyumba ile. Yote yakiwa mema, aanze kwa kuwatembelea muchana, mukubwa mwingine akiwapo. Asiachwe peke yake na mutoto, asimwogeshe, asitumwe naye njiani. Jamaa yote ijue mapatano haya, kwa maana siri ndiyo iliyomufunikia mara ya kwanza. Wala asipewe kazi ya kufundisha watoto katekisimu.

Padri aliyemuungamisha asitumie hata kidogo aliyosikia katika kitubio (kanuni 983 na 984). Afazali shauri litolewe na padri mwingine.

Na kama mutoto atasema neno la kosa jipya, mbuzi na franga za kupatanisha jamaa hazifai kitu. Neno lipelekwe kwa serikali. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 yaazibu makosa haya, na ile ya tarehe 10 Januari 2009 yamuhesabu kuwa mutoto kila mutu asiyetimiza miaka 18.

Je, tumemunyima Titius huruma? Hapana. Kitubio chadai malipizi. Kukaa mbali na nyumba yake ni malipizi mazito. Tumufundishe kuyatoa kwa ajili ya binti yule aliyemuumiza, tumutembelee, tusali naye. Lakini binti huyo naye, ni nani kati yetu aliyekwisha kumutembelea?