Kujuana na Kazi: Mfano wa Reli ya Bukama

Neno "kujuana" limeundwa kwa kiambishi cha kutendana, na kwa hiyo linadai pande mbili: mimi nakujua, nawe wanijua. Kimsingi halina lawama yoyote. Hata hivyo, katika miji yetu limepata maana ya pili. Mtu akisema kwamba fulani ameajiriwa "kwa kujuana," hakusudii kwamba ustadi wa fulani unajulikana. Anakusudia kwamba hakustahili. Katika makala haya tunajaribu kueleza jinsi maana ya kwanza inavyozaa ya pili, kwa kuitazama Bukama na reli ya Katanga, ambako suala la nani anamjua nani halikuishia ofisini.

Bukama iko kwenye Mto Lualaba, katika jimbo la sasa la Haut-Lomami. Reli kutoka kusini, yaani kutoka kwenye migodi ya shaba, ilifika hapo mwaka 1918. Kuanzia Bukama, meli ziliteremka mtoni hadi Kabalo, na Kabalo ilikwisha kuunganishwa kwa reli na Albertville (Kalemie ya leo) kwenye Ziwa Tanganyika, ambako ng'ambo yake ni Kigoma na njia ya Dar es Salaam. Mwaka 1928 kampuni ya BCK ilikamilisha reli kutoka Bukama, kupitia Kamina, hadi Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, katika Kasai. Mji huo mdogo ukawa mlango: watu wa mto, watu wa ziwa na watu wa Kasai walipita hapo wakienda kutafuta kazi, nacho Kiswahili kikawa lugha yao ya kuelewana.

Ni katika kipindi hicho ambapo kampuni ya Union Minière ilianza kuacha mikataba mifupi na kutaka wafanyakazi wa kudumu, waliokaa kambini pamoja na wake na watoto wao. Sasa, mtu aliyetoka kijijini hakuwa na cheti. Alichokuwa nacho ni neno la ndugu au jirani aliyemtangulia. Neno hilo lilikuwa ushahidi wa kweli, kwa kuwa aliyelitoa alijifunga: mgeni akitoroka au akiiba, aibu ilimrudia mdhamini. Tusisahau basi kwamba kujuana kulikuwa njia ya kupata habari pale ambapo habari nyingine hazikuwapo.

Wala wazo la watu wa ujuzi mmoja kutambuana lilikuwa si geni huko. Katika ufalme wa Waluba, chama cha mbudye kiliwakutanisha watu wa koo na vijiji mbalimbali. Wanachama walipanda ngazi kwa ngazi kwa kujifunza, na waliofika juu ndio waliofundishwa kuisoma lukasa, ubao mdogo wenye shanga na kauri uliohifadhi kumbukumbu za ufalme. Chama hicho kilikuwa na siri zake, na hatutaki kukipamba. Lakini cheo ndani yake kilidai mafunzo, si nasaba pekee.

Katanga ya migodi ilichukua njia nyingine. Waajiri wa kikoloni waliyahesabu makabila kana kwamba ni vyeti: hawa wanafaa ukarani, hawa wanafaa kuchimba. Watu wengi wa Kasai waliotangulia kupata shule na ukarani wakawa na nafasi ya kuwasemea wenzao, na wenyeji wa Katanga wakaona mlango umeshikwa. Katika uchaguzi wa komine za Elisabethville mwaka 1957, mameya walioshinda walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga; mwaka uliofuata chama cha Conakat kikaundwa. Manung'uniko hayo hayakuzuliwa yote. Lakini yaliishia wapi? Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Katanga, walifukuzwa majumbani mwao Likasi, Kolwezi na kwingineko. Viongozi, akiwamo gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, waliwahubiri kuwa wageni. Mitaani waliitwa "bilulu," yaani wadudu. Zaidi ya watu laki moja waling'olewa. Wengi walilala vituoni kwa majuma na miezi wakingoja treni, na wengine walifia hapo hapo au njiani. Treni hizo zilivuka daraja la Bukama zikielekea Kasai, kwa reli ile ile iliyowaleta baba zao.

Mwalimu, muuguzi na fundi wa reli walifukuzwa kwa pamoja, aliyepata kazi kwa ustadi na aliyebebwa na mjomba. Hapo ndipo hatari inapoonekana kwa ukamilifu. Kujuana kunapoacha kubeba ushahidi wa kazi na kubeba jina la asili peke yake, hata mstadi hupoteza kinga yake, kwani hakuna anayeweza tena kumpambanua na asiyestahili.

Je, tukiache kabisa? Mwanazuoni wa chuo kilicho mbali na mji mkuu hupata vitabu, habari za makongamano na watahini kwa kuwajua watu. Kujuana kukipigwa marufuku, wa Lubumbashi au Nairobi hatapungukiwa sana. Wa Bukama atapungukiwa. Kwa hiyo tunadhani swali linamhusu zaidi yule anayesema kwa niaba ya mwingine. Barua ya kumpendekeza mwanafunzi isiyotaja hata kazi moja ambayo mwandishi ameisoma, bali inataja kwamba ni kijana wa familia njema, ni ile ile "kwa kujuana" ya mitaani, hata ikipigwa mhuri wa idara. Kipimo chetu ni chepesi: je, mwandishi angethubutu kuisoma mbele ya mwombaji aliyekataliwa? Tena kuna jambo dogo la utaratibu ambalo idara nyingi hulipuuza. Tangazo la nafasi likibandikwa ukutani kabla ya simu kupigwa, kijana aliyeshuka treni asubuhi hiyo, asiye na ndugu ofisini, atajua walau kwamba nafasi ipo na siku ya mwisho ya kuomba ni lini.