Lubumbashi usiku: mtu asiyekula nyama anakula nini?

Jua likishuka Lubumbashi, moshi wa michopo unapanda. Kamalondo, Kenya, Katuba, kila nganda iko na mtu mwenye kuchoma mbuzi mbele ya mlango. Kwa wakaaji wengi, kutoka usiku maana yake ni Simba ao Tembo ya baridi, muziki, na nyama yenye kukatwa pale pale.

Lakini si watu wote wanakula nyama. Waadventista wengine wameiacha kabisa. Kati ya Wahindi wenye kufanya biashara mjini, kuko familia ambazo hazijaigusa tangu kuzaliwa. Waorthodox wanaiacha pamoja na maziwa na mayai wakati wa saumu, na Wakatoliki wanaiacha Ijumaa za Kwaresima. Kuko tena wagonjwa wenye kukatazwa na munganga. Na kuko wengi ambao hawajakatazwa na mtu yeyote: mwezi haujaisha, lakini feza imeisha.

Watu hao wote wanaweza kula vizuri mu mji huu, hata usiku. Inafaa tu kujua namna ya kuuliza.

Neno "nyama" halitoshi

Shida ya kwanza ni ya luga. Mtu anakaa ku meza, anauliza: "Mama, hii sombe iko na nyama?" Mama anajibu: "Hapana, haina." Hakudanganya. Kwa watu wengi nyama ni ngombe, mbuzi, nguruwe ao kuku. Samaki ni kitu kingine, na kapenta haihesabiwe hata kidogo, inaonekana kama chumvi tu. Kumbe sombe nyingi zinapikwa na kapenta ao samaki ya kukausha yenye kusagwa, na jicho haliwezi kuiona.

Neno "mboga" nalo halisaidie sana, sababu kwa wengi mboga ni chochote chenye kusindikiza bukari.

Kwa hiyo ni vizuri kutaja kitu kimoja kimoja: "Iko na kapenta? Iko na samaki? Mulitia supu ya nyama? Mulitia kikolezo cha kuku?" Vile vipande vidogo vya kikolezo vinatiwa karibu mu kila chungu, na vingine vina mafuta ao unga wa nyama. Karatasi yake inaonyesha. Swali la mwisho ni la mafuta: frite na makemba vinaweza kukaangwa mu mafuta yale yale ya samaki. Kwa mtu mwenye kuacha nyama sababu ya dini, ile ni jambo la zamiri. Kwa mtu ambaye mwili wake unakataa samaki, ni jambo la hatari, anaweza kuvimba koo na kukosa pumzi.

Vyakula ambavyo tayari viko

Bukari ya mahindi na maragi ni chakula kamili kuliko watu wanavyofikiri. Mahindi yana upungufu wa kitu kimoja chenye kujenga mwili, kinaitwa lisini, na maragi yanacho kwa wingi. Vikiliwa pamoja, kila kimoja kinasaidia kingine. Lengalenga, matembele na ngai-ngai vinaongeza vitamini, na karanga za kutwanga zinaleta mafuta na nguvu.

Sombe nayo ni chakula chenye nguvu, lakini haipikwe mbio. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Kuyatwanga sana kunaitoa sumu ile, kisha kuyachemsha kwa muda mrefu kunaifukuza pamoja na mvuke. Sombe ya kupikwa haraka juu wateja wanangojea si ya kukubali.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, uyoga wa pori unafika ku masoko na kando ya barabara. Mingine ni mikubwa sawa sahani, inaota juu ya vichuguu. Ikikaangwa na kitunguu na tomati, watu wengi wanasema inashinda nyama. Ni kununua tu kwa muuzishaji mwenye kuijua. Finkubala, hata kama zinauzishwa karibu na uyoga, ni viwavi: asiyekula kitu chenye uhai azipite.

Kikanda, "nyama" yenye kutoka mu udongo

Chakula cha pekee cha upande huu wa Katanga na Zambia ni kikanda. Kinakatwa vipande, ni chekundu-chekundu, kina pilipili, na mgeni anaweza kuapa kama ni soseji. Hakina nyama hata kidogo. Ni viazi vidogo vya maua ya pori yanayoitwa orkide, vinakaushwa na kutwangwa, kisha vinapikwa pamoja na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi. Chungu kinafunikwa na makaa yanawekwa juu ya kifuniko mpaka kikanda kishikane sawa mkate. Mwenye kukatazwa karanga asikiguse.

Kuko shida moja. Orkide hizo hazilimwe, zinachimbwa mu mabonde yenye maji, na kuchimba kiazi ni kuua mmea. Huko Zambia zimepunguka sana, na wafanyabiashara wakaanza kuzitafuta mpaka milima ya kusini mwa Tanzania, ambako Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Orkide zote ziko chini ya mapatano ya kimataifa ya CITES, kwa hiyo kuzivusha mpaka kunaomba ruhusa. Kikanda kikiendelea kuliwa kila siku bila mtu kupanda kitu, watoto watasikia jina lake tu.

Kukaa ku nganda

Asiyekula nyama hana lazima ya kubaki nyumbani. Karibu na kila nganda kuko mama mwenye karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma ao avoka. Mara nyingi mwenye nganda hakatai mteja kuleta chakula kutoka inje, kama amenunua kinywaji. Asiyekunywa pombe anaomba sucré, ao munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi ya pori. Munkoyo ya siku moja ni tamu na nyepesi. Ikilala siku zaidi, inachacha na kuanza kulewesha.

Kama kundi linakuja pamoja, dawa ni kumwambia mpishi mbele ya wakati. Akijua saa tisa kama wageni wanne hawatakula nyama, anaweza kutenga chungu cha maragi mbele ya kutia kapenta. Akiambiwa saa tatu ya usiku, kapenta imekwisha kuingia.

Jambo moja la afya: vitamini B12 haipatikane mu majani wala mu maragi. Anayekula mayai na maziwa anaipata. Mwenye kuacha vyote kwa miaka, zaidi mama mwenye mimba, anaomba kuzungumza na munganga.