USIKU MMOJA MELINI



Pengine umesikia habari za meli za watalii zinazotia nanga Zanzibar na Dar es Salaam. Meli hizo ni kubwa sana. Watalii hukaa ndani yake siku nyingi. Wakiwa katikati ya bahari hula, huogelea na kucheza muziki.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunayo safari yetu ya meli. Ni safari ya Ziwa Victoria, kutoka Mwanza hadi Bukoba. Meli huondoka jioni na kufika asubuhi. Watu wa Geita wameyazoea maji. Walivuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi miaka mingi, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2025. Lakini kuvuka mara moja si sawa na kulala majini.

Ukipata tiketi, isome. Je, jina lako limeandikwa sawasawa? Kama sivyo, mwambie karani alisahihishe. Jambo hili si dogo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430 tu. Watu zaidi ya 800 walikufa. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Ndugu zao walifika Mwanza, na hapakuwa na karatasi ya kuwaonyesha nani alikuwamo.

Ukiingia melini, tafuta jaketi la kuokolea maisha kabla ya kutafuta mahali pa kulala. Mwombe baharia akuonyeshe linavyofungwa. Usione haya. Soma pia kibao chenye idadi ya abiria. Meli ya MV Victoria, iliyotengenezwa upya na kurudi ziwani mwaka 2020, imeundwa kubeba abiria 1,200. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa cha abiria 101. Kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu 228 walikufa. Ukiona watu wamejaa mno, shuka. Nauli hupatikana tena.

Baada ya hapo, starehe. Kula chakula chepesi, maana mawimbi huleta kichefuchefu. Ukijisikia vibaya, toka nje upate hewa na uangalie mbali. Kama hakuna mbalamwezi utaona taa nyingi juu ya maji, kama mji. Ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, nao huwazungushia nyavu. Ongea na jirani yako, au soma kitabu. Kisha lala, mizigo ikiwa karibu nawe.

Alfajiri utaona kisiwa cha Musira, na Bukoba iko karibu. Hapo ndipo wengi hukosea. Husimama wote na kukimbilia ubavu mmoja wa meli ili washuke kwanza. Unajua mtumbwi unavyolala mtu mmoja akisimama ghafla pembeni. Meli nayo ina ubavu, na uzito ukielemea upande mmoja, nayo hulala. Basi kaa mahali pako mpaka meli ifungwe kamba gatini. Bukoba haiendi popote.