Jina la Muziki: Mzee Mingiedi Mbele ya Wapenzi wa Techno

Hapa Likasi kuna neno moja linaloleta ubishi kati ya wanafunzi kila likitajwa: techno. Wako wanaoliita hivyo kila muziki wa mashine usiokuwa na mwimbaji. Wako wanaosema ni muziki wa Wazungu, basi. Majuzi niliwasikia wenzangu wawili wakibishana juu ya Mingiedi wa Kinshasa, mwanzilishi wa kundi la Konono N°1. Mmoja, aliyemjua kwa kumsikiliza kwenye simu, alimwita babu wa techno ya Kongo. Mwingine, ambaye jamaa zake walikaa Kinshasa, alicheka tu: "Ile haiko techno, iko muziki ya matanga."

Mimi si mwanamuziki; ninasoma lugha. Kwa hiyo nilichokisikia katika ubishi ule ni jambo la lugha. Wote wawili walikuwa wanaipenda sauti ileile, na hakuna aliyeieleza vibaya. Walichogombania ni jina, na jina la muziki hubeba mambo mengi: nani alitangulia, nani aitwe fundi, na msikilizaji atarajie nini kabla ngoma haijaanza.

Tuanze na neno lenyewe. Techno ilizaliwa Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari, katika miaka ya 1980. Wanaotajwa kwanza ni vijana weusi watatu waliosoma pamoja Belleville, karibu na Detroit: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Atkins alilichota neno katika kitabu cha Alvin Toffler, The Third Wave, cha mwaka 1980, ambamo mwandishi anazungumzia waasi wa teknolojia. Hata hivyo halikuwa jina la muziki kwa watu wengi mpaka 1988, kampuni moja ya Uingereza ilipokusanya nyimbo za Detroit katika santuri. Awali santuri hiyo ilikuwa ibebe jina la house, yaani muziki wa Chicago. Atkins akaleta wimbo wake wenye neno techno katika jina lake, na jina la mkusanyiko mzima likageuzwa. Kwa hiyo hata huko kwenye chanzo, muziki ulikuwapo miaka kadhaa ukichezwa na kupendwa, na jina likaja kubandikwa baadaye ili uuzike ng'ambo.

Ng'ambo kweli ukaenda. Ukuta wa Berlin ulianguka 1989, na mwaka 1991 klabu ya Tresor ikafunguliwa katika chumba cha chini cha kuhifadhia fedha, mali ya duka kubwa la zamani. Jeff Mills, mwana wa Detroit, ni mmoja wa waliokuja kuchezesha huko. Leo amepita miaka sitini, na wapenzi wake wamegawanyika. Wengine wanataka aendelee na mashine yake ya ngoma na kasi ileile ya ujana wake. Wengine wamemfuata alipocheza na okestra ya Montpellier mwaka 2005, na alipotoa muziki pamoja na Tony Allen, mpiga ngoma wa Nigeria, mwaka 2018. Naona ajabu kidogo: watu wanaomsifu mkongwe kwa kuwa mtu wa kesho ndio haohao wanaomkataza kutoka katika jana yake.

Sasa tumrudie mzee wetu. Mawangu Mingiedi alikuwa Mzombo, wa watu wanaokaa pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Angola. Kwao kulikuwa na muziki wa baragumu za pembe za ndovu, na yeye akauhamishia kwenye likembe, chombo kile cha vijiti vya chuma ambacho Waluba wanakiita kisanji. Kinshasa ikamletea taabu: mji una kelele, na likembe ina sauti ya chini. Akaitia umeme. Mikrofoni alizitengeneza kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu na nyuzi za shaba zilizozungushwa. (Mtu wa Likasi akisoma "shaba" hapa na atabasamu. Mitambo ya Shituru imeyeyusha nyingi sana.) Sauti ilitokea kwenye vipaza sauti vikubwa vya tangu enzi ya Wabelgiji, walivyoviita lance-voix. Ngoma nyingine walizipata katika mabati na vyuma vilivyotupwa.

Vifaa vya namna hiyo haviwezi kutoa sauti safi. Vinakwaruza, vinavuma, vinaunguruma, na likembe ya besi inasikika kama injini. Mingiedi hakuutafuta mkwaruzo huo kama mtindo; alitafuta kusikika. Lakini ulipokuja aliukubali, akapiga nao kwa miaka mingi. Mbelgiji Vincent Kenis, aliyewahi kusikia rekodi yao ya zamani, aliwatafuta Kinshasa kwa muda mrefu mpaka akawapata, na mwaka 2004 ikatoka albamu ya Congotronics. Ulaya ikashangaa. Wapenzi wa techno walisikia mapigo yasiyokatika, marudio yanayovuta akili, na mkwaruzo ambao wao wenyewe walikuwa wananunua mashine ili waupate. Mwaka 2007 Björk wa Iceland akawashirikisha katika albamu yake ya Volta.

Rafiki yangu wa kwanza, basi, hakudanganya. Ukichukua techno kuwa ni muziki wa marudio, wa umeme, wa kucheza usiku kucha, Mingiedi anaingia mlangoni bila kupiga hodi. Ila rafiki wa pili anajua jambo ambalo simu haikumwambia mwenzake. Marudio yale yalikuwa na kazi. Muziki ule ulipigwa kwenye matanga na sherehe, watu wakicheza pamoja na waliotangulia, na ilibidi urefuke kwa sababu usiku wenyewe ni mrefu. Mchezaji wa Berlin anarefusha ngoma ili asahau. Mfiwa wa Kinshasa aliirefusha ili akumbuke. Kuna na jina la tatu, tradi-moderne, ambalo watu wa muziki hapa Kongo hulitumia. Kwangu mimi ndilo dhaifu kuliko yote: linataja nyakati mbili na haliseme lolote juu ya kazi.

Jambo hili halikuanza na umeme. Mwenda Jean Bosco, aliyekaa mjini kwetu wakati ukiitwa Jadotville, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Wapenzi wa gitaa wa mbali wamezisoma nyimbo zake kidole kwa kidole. Maneno yake ya Kiswahili, ambayo wasikilizaji wake wa hapa waliyaelewa mara moja, wengi wao huyapita tu.

Upande wa mashariki, jina limewahi kuleta matata mpaka bungeni. Tangu 2015 Uganda ina tamasha la Nyege Nyege, ambalo limewapokea hata vijana wa singeli wa Dar es Salaam, wenye mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa Kiluganda jina hilo linaelezwa kuwa ni hamu ya ghafla ya kucheza. Msomaji wa Kiswahili ameshainamisha uso, maana kwetu nyege ni ashiki ya mwili. Mwaka 2018 waziri wa maadili alitaka kulizuia tamasha, na 2022 wabunge wakaja na dai hilohilo. Walioshtuka na waliocheza walilisikia neno moja kwa masikio ya lugha mbili, kila upande ukiwa na hakika kwamba mwenzake anajifanya haelewi.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa kama Mingiedi ni techno, namuuliza anayeniuliza: kwa lugha ya nani, na kwa kazi gani? Wengine hukasirika, wakisema wanafunzi wa lugha hawajui kujibu ndiyo au hapana. Mzee mwenyewe alifariki Aprili 2015, na mwanawe Augustin akashika kundi. Mwaka uliofuata walitoa albamu pamoja na Batida, DJ wa Lisbon aliyezaliwa Huambo, Angola. Yeye alileta mashine, wao wakaleta likembe. Kwa watu wa techno, huo ulikuwa mkutano wa Afrika na Ulaya. Kwa Mzombo, ambaye nchi yake ilikatwa na mpaka wa Angola, ni jirani amevuka kuja kucheza.