Shingo si Paja: Tahadhari juu ya Mashine ya Kuchulia Misuli

Askari aliyekesha lindoni, kofia ya chuma kichwani na silaha begani, hurejea kambini shingo ikiwa imekakamaa. Zamani mwenzake alimchua kwa mafuta. Siku hizi pengine huazima kimashine chenye umbo la bastola, ambacho kichwa chake hugonga misuli kwa kasi. Vingi vyaweza kugonga zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Hukitumia pajani akapata nafuu, kisha hukipandisha shingoni. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kila aliyefunzwa kupambana bila silaha anafahamu kwamba kabali ya pande mbili za shingo yaweza kumzimisha adui kwa sekunde chache. Sababu ni kwamba mishipa mikubwa ipelekayo damu kwenye ubongo hupita hapo. Mingine miwili hupanda kwa nyuma, ndani ya matundu ya mifupa ya shingo. Ni ajabu basi kwamba pale pale tunapofundishwa kumkaba adui, twajigonga wenyewe kwa mashine.

Ukuta wa ndani wa mshipa huo waweza kuchanika. Damu hupenya ufani na kuganda, na donge lake laweza kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Hicho ndicho kiharusi, nacho hakichagui wazee peke yao. Maafa ya namna hii ni machache, lakini madaktari wameyaandika katika majarida ya tiba, yakiwapata hata vijana baada ya kutumia mashine hizo shingoni.

Kwa hiyo shingo iachwe, hasa mbele na pande zake. Mashine ibaki kwenye misuli minene ya mapaja na mashavu ya miguu, kwa kasi ndogo na muda mfupi. Shingo iliyokakamaa yataka mapumziko, kitambaa cha maji ya vuguvugu, na kunyooshwa polepole.

Mwenzako akipatwa ghafla na maumivu ya kichwa au shingo asiyoyazoea, kizunguzungu, kope kulegea, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, hata kama ni siku kadhaa baadaye, usimchue. Mfikishe hospitali upesi, na daktari aelezwe habari za mashine.

Makamanda wa platuni na wakuu wa vituo wawakumbushe walio chini yao jambo hili: kuripoti maumivu si uoga, ni nidhamu.