Tensio ya Mtu Aliyehama

Familia inayokimbia mapigano ya Djugu na kupokelewa na ndugu huko Mudzipela, mjini Bunia, hubadilisha maisha yote kwa siku chache. Shamba limebaki nyuma. Sombe na lengalenga zilizochumwa karibu na nyumba sasa zinanunuliwa, na fedha ikipungua, kipande cha makayabu, samaki wa chumvi, ndicho kinachotia ladha sufuria nzima. Usiku kila mlio wa nje unasikilizwa.

Mwili huyapokea mabadiliko haya mapema kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1929 daktari Donnison aliandika katika jarida la Lancet kuhusu watu wapatao 1,000 aliowapima magharibi mwa Kenya: baada ya umri wa miaka 40 tensio yao, yaani shinikizo la damu, haikupanda kama ya Wazungu, bali ilielekea kushuka. Miongo kadhaa baadaye, Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijiji vya eneo hilohilo kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Tensio ya wahamiaji ilikuwa imeanza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo, wala haikungoja uzee. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi kwa kulinganisha na potasiamu, na moyo wao ulipiga haraka zaidi.

Vipimo hivyo viwili vinaeleza mengi. Sodiamu ya chumvi hushikilia maji mwilini, damu ikaongezeka na kusukuma kuta za mishipa. Potasiamu, iliyojaa katika mboga na matunda, husaidia figo kuitoa sodiamu hiyo. Moyo wa haraka nao huashiria neva zilizo katika tahadhari: adrenalini inamwagika, mishipa inabana. Adrenalini hiyo ni msaada mkubwa kwa mtu anayekimbia hatari. Hatari isipokwisha, mwili hukosa nafasi ya kupumzika.

Wale Wajaluo walikwenda mjini kutafuta maisha. Wengi waliofika Bunia tangu mapigano yaliporejea Djugu mwishoni mwa 2017 walikwenda kuyaokoa. Uchambuzi uliochapishwa katika Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba katika maeneo yenye vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili, kuanzia huzuni nzito hadi kiwewe. Mateso ya aina hiyo nayo huweza kuziweka neva katika tahadhari, kwa hiyo naona ni kosa zito kuendelea kusema tensio ni ugonjwa wa matajiri wanene. Mama mwembamba, asiyelala vizuri na anayekula samaki wa chumvi kwa kukosa kingine, anaweza kuwa nayo bila maumivu yoyote. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, lakini ushauri huo una maana pale tu mboga mbichi inaponunulika.

Kupima huchukua dakika chache. Muuguzi anayemfunga mama huyo kifaa mkononi anaweza, papo hapo, kumuuliza pia analalaje.