Jina la Kikoa Lenye Mwenyewe: Namna ya Kuweka Dau (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi jina la kikoa lisilo na mwenyewe linavyosajiliwa. Leo tuangalie hali inayowakuta wengi: unaandika jina la kampuni yako kwenye tovuti ya msajili, unajibiwa kwamba limekwishachukuliwa.

Anzia kwenye daftari la usajili lililo wazi kwa umma, maarufu kama Whois. Tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ianze kutumika Mei 2018, jina na anwani ya mwenyewe aghalabu hufichwa, lakini tarehe zinabaki. Zisome vizuri. Jina linalolipiwa mwaka hadi mwaka tangu zamani halijasahauliwa, na kulivizia liishe muda ni kupoteza wakati: hata msajili akilifuta jina la .com, mwenyewe bado ana siku 30 za kulikomboa.

Wengine hukimbilia vitisho vya wanasheria. Uzi Nissan, mfanyabiashara wa North Carolina, Marekani, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa ajili ya kampuni yake ya kompyuta. Nissan ni jina lake la ukoo. Mwaka 1999 kampuni ya magari ikamshtaki, kesi ikaburuzwa miaka mingi, na jina halikutoka mikononi mwake hadi alipofariki mwaka 2020. Upo pia utaratibu wa kimataifa wa usuluhishi, UDRP, lakini humtaka mlalamikaji athibitishe kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyelishika hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Aliyelisajili kabla kampuni yako haijaanzishwa utamthibitishiaje nia mbaya?

Kwa hiyo tuzungumze bei, nayo hupanda kadiri shida ya mnunuzi inavyojulikana. Tesla iliuza magari kwa miaka chini ya teslamotors.com. Ilipolipata tesla.com mwaka 2016 ilikuwa imekwishavuma duniani, na Elon Musk amesema jina hilo liliwagharimu dola milioni 11 na zaidi ya miaka kumi ya kulifuatilia. Weka dau kabla hujachapisha mabango.

Ujumbe uwe mfupi: “Habari. Ningependa kununua jina hili. Nipo tayari kulipa dola 600 kupitia huduma ya amana. Naomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi.” Kiasi kikitajwa, mwenyewe anaona humpotezei muda. Mtaji na mipango yako usivitaje. Ila usijifanye mwanafunzi asiye na kitu, kama baadhi ya madalali wanavyoshauri. Ni uongo, na akigundua mazungumzo yamekufa.

Mkikubaliana, usimtumie pesa moja kwa moja. Huduma kama Escrow.com hushikilia malipo mpaka jina liingie kwenye akaunti yako, ndipo muuzaji alipwe. Likihamia kwa msajili mwingine, kwa kawaida halihami tena kwa siku 60, hivyo chagua mapema msajili utakayekaa naye.

Wiki ijayo: majina ya .tz na .ke, yenye kanuni zake.